Je, Kesho Mtafungua?

Niliona mkono wa jezi kwanza. Ulikuwa umetokeza katikati ya lundo la nguo za watoto pale Kongowea, Mombasa, mwezi wa Agosti, saa ile ya alasiri ambapo nguo nzuri zimeshachukuliwa na wauzaji wameanza kushusha bei. Mkono mweusi, wenye mistari ya rangi ya udongo mwekundu, kijani na mchanga. Nikauvuta. Jezi yote ikatoka, na kifuani alikuwepo yule mbweha wa jangwani, ameshika gongo la hoki.

Arizona Coyotes. Saizi ya mtoto wa miaka saba au minane. Ndani ya ukosi mtu alikuwa ameandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino mzito, na wino ulikuwa umeanza kufifia.

"Mia na hamsini tu, mwanangu," mama mwenye meza akaniambia. "Hiyo haichuji."

Nikamwambia kwamba hii ni timu ya mji ninakoishi, Phoenix, kule Marekani. Akafurahi. Basi ichukue, akasema, mtoto wako aende nayo uwanjani. Nikamjibu kwamba timu yenyewe haipo tena, ilihama.

"Timu inahamaje?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu timu haihami. Yanga haiwezi kuamka asubuhi ikajikuta ya Mwanza, wala Bandari ya Mombasa haiwezi kulala hapa ikaamkia Eldoret kwa sababu bwana fulani ameiuza. Nikamweleza kwamba kule timu ni mali ya mtu, pamoja na haki yake ya kucheza ligini, na akiuza, mnunuzi anaweza kuipeleka mjini kwake ligi ikiridhia. Akataka kujua aliuza kwa nini. Nikampa jibu ambalo kila mtu hulitoa: soko halikuwepo. Mji wa joto, mchezo wa barafu.

Akanitazama, kisha akaitazama meza yake, ambayo aliniambia ameikalia hapohapo kwa miaka kumi na tisa.

"Na hao wateja wenu," akauliza, "walikuwa wanajua kesho mtafungua?"

Nilikuwa nimeshatoa pesa. Nilichukua jezi, nikamshukuru, nikaondoka bila kumjibu.

Ni wiki ya saba sasa.

## Sinia

Nilifika Phoenix mwaka 2010, na kazi yangu ya pili ilikuwa katika kibanda cha vyakula ndani ya uwanja wa Glendale, mji mdogo ulio magharibi mwa lile bonde. Nilikaa pale misimu mitano. Mchezo wenyewe sikuujua hata kidogo. Niliujua kwanza kwa masikio: magongo yakigongana, mtu akibamizwa kwenye ubao wa pembeni, honi kubwa ya bao, halafu milango ya ngazi ikifunguka na watu wakitumiminikia. Hoki ina vipindi vitatu, kwa hiyo mapumziko ni mara mbili, na kila pumziko ni dakika kama kumi na nane. Maisha yetu yote yalikuwa ndani ya dakika hizo.

Wahasibu wa timu walikuwa na vitabu vyao. Sisi tulikuwa na sinia za chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini. Ukizihesabu sinia zilizobaki mwisho wa pumziko la kwanza, unajua hali ya biashara kuliko gazeti lolote. Usiku wa Jumanne, wageni wakiwa timu isiyo na jina kubwa, msimamizi alisimama saa moja na nusu akatazama milango, kisha akatuita wawili au watatu akatuambia tusaini tuondoke. Saa zetu zilikatika hapo. Wageni wakiwa Toronto, Chicago au Detroit, ukumbi ulijaa, lakini ulijaa jezi za wageni. Bonde la Phoenix limejaa watu waliohamia kutoka kaskazini, na kila majira ya baridi huja wastaafu wengine wa Kanada kulifuata jua. Walinunua chakula chetu kwa moyo mkunjufu, wakarudi vitini kushangilia mabao tuliyofungwa.

Pale nilijifunza jambo ambalo mijadala mingi huliruka. Timu ya kandanda ya Kimarekani hugawiwa fungu kubwa mno la pesa za televisheni, kiasi kwamba inaweza kuishi miaka mingi na viti vitupu. Hoki haina neema hiyo. Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huishi kwa mlango wake: tiketi, maegesho, vyakula, vyumba vya makampuni. Mechi za nyumbani zilikuwa 41 kwa msimu wa kawaida, na kila moja ilibidi iuzwe upya. Tangu mwaka 2005 ligi ina ukomo wa mishahara, na timu tajiri huchangia zile maskini, lakini hakuna mchango unaomtoa mtu nyumbani Jumanne usiku wakati watoto wana shule kesho.

Kwa hiyo mtu akisema Phoenix ni soko kubwa kwa sababu eneo lake lina watu karibu milioni tano, mimi huuliza: wangapi wako tayari kuendesha gari Jumanne?

Na waendeshe hadi wapi? Wapenzi wengi wa hoki na makampuni yenye pesa za kukodi vyumba walikuwa mashariki: Scottsdale, Tempe, Chandler, Gilbert. Uwanja ulikuwa magharibi. Timu yenyewe ilitaka kwanza kujenga Scottsdale, mahali palipokuwa na jengo la maduka la Los Arcos, mpango ukavunjika, ikaangukia Glendale, ambako jiji lilitoa takriban dola milioni 180 za umma. Uwanja ukafunguliwa Desemba 2003. Treni haikufika pale. Mimi mwenyewe nilipanda mabasi mawili kwenda kazini, na usiku niliomba lifti.

Yule mama wa Kongowea angelielewa hilo bila maelezo. Meza iliwekwa upande ambao wateja hawapiti.

## Joto

Hili la joto nalipitia haraka, maana limejibiwa uwanjani. Tampa Bay ya Florida imetwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi hii, mwaka 2004, 2020 na 2021. Florida Panthers, 2024 na 2025. Dallas, 1999. Vegas Golden Knights walizaliwa mwaka 2017 katika jangwa kavu kama letu, wakalitwaa 2023. Kanada, mama wa mchezo, haijapata timu ya kulitwaa tangu Montreal mwaka 1993. Barafu ya ndani haijui nje kuna nini.

Na wanaosema watu wa jangwani hawaipendi hoki hawakuwepo Mei 2012. Timu yetu ilikuwa haina mwenyewe, inashikiliwa na ligi. Ikaitoa Chicago, ikaitoa Nashville, ikafika fainali ya Kanda ya Magharibi kabla ya Los Angeles kuimaliza kwa mechi tano. Usiku ule watu wote huvaa nyeupe, desturi iliyokuja na timu kutoka Winnipeg, Kanada, ilikohama mwaka 1996. Nilipata nafasi ya kuchungulia kupitia mlango wa ngazi, nikaona weupe kuanzia barafuni mpaka darini, nikakumbuka asubuhi ya Idd uwanjani, kanzu kwa kanzu. Sinia zetu ziliisha kabla ya pumziko la pili.

Watu walikuwepo.

Ndiyo maana swali la "soko lipo au halipo" linanichosha. Lilikuwepo Mei. Lilikwenda wapi Novemba?

## Mzee wa kila mechi

Jibu la swali la yule mama nilikuwa nalo muda wote. Lilinijia ndani ya ndege, juu ya bahari, narudi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kila mechi. Mwembamba, kofia ya timu iliyopauka, sinia moja bila pilipili. Hatukujuana majina. Lakini kila mwezi wa Aprili, mechi ya mwisho ya nyumbani, alipolipa aliniuliza kitu kimoja: "Oktoba mtakuwepo?"

Nami kila Aprili nilimjibu: "Nadhani."

Misimu mitano. Mteja bora tuliyekuwa naye alikuwa hajui kama tutafungua tena.

Tazama alivyoishi mzee yule na timu yake. Mwaka 1996 inafika mjini, inaingizwa katika ukumbi wa mpira wa kikapu ambamo viti vingine havikuliona goli moja. Mwaka 2003 inapelekwa Glendale. Mei 2009 mmiliki, Jerry Moyes, anaifikisha mahakama ya ufilisi akiwa tayari na mnunuzi, tajiri wa Kanada Jim Balsillie, aliyeahidi dola milioni 212.5 ili aipeleke Hamilton, kulekule Kanada. Jaji anakataa, ligi inainunua yenyewe. Kisha misimu miwili mfululizo jiji la Glendale linaahidi ligi dola milioni 25 kila msimu ili timu isiondoke. Mwaka 2013 wanakuja wamiliki wapya, na baraza la jiji linapitisha mkataba wa dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15, kura nne kwa tatu. Mwaka 2015 baraza hilohilo linaufuta, na unaandikwa mfupi mwingine. Mwaka 2021 jiji linasema halitaongeza tena. Mwaka 2022 timu ya ligi ya hoki kubwa kuliko zote duniani inahamia ukumbi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Arizona State, viti visivyofika elfu tano, wakati wenzake huwaingiza watu elfu kumi na saba.

Msimu wa 2009-10, ule wa mara tu baada ya mahakama, timu ilipata pointi 107, msimu mzuri ajabu. Wastani wa watazamaji ulikuwa chini kidogo ya 12,000, wa mwisho katika ligi. Kwa miaka mingi niliitumia takwimu hii kama ushahidi: mnaona, hata wakishinda watu hawaji. Leo naisoma vingine. Watu wale walikuwa wametoka kwenye kiangazi kizima cha kusoma kwamba timu yao inapelekwa Hamilton. Nani angelipa tiketi za msimu mzima za kitu ambacho mwenyewe anajaribu kukitoa mjini?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Timu ile ilikaa mgeni miaka 28. Haikuwahi kuwa na nyumba yake mwenyewe, na kila aliyeipangishia alianza kuihesabia siku.

## Lakini

Ningependa kuishia hapo. Ni rahisi kuwabebesha wamiliki mzigo wote, na nimefanya hivyo mezani kwa watu mara nyingi. Lakini kuna Nashville.

Mwaka 2007 Balsillie huyohuyo alitaka kuinunua timu ya Nashville, na tiketi zikaanza kuwekewa arubuni kule Hamilton. Watu wa Nashville wakakusanyika ukumbini mwao, wakanunua tiketi, na wafanyabiashara wa mjini wakachanga wakainunua wao. Miaka kumi baadaye timu ile ilicheza fainali ya Kombe la Stanley. Nashville ni ndogo kuliko Phoenix, na haina theluji ya kusifia. Wao walisimama.

Kwa nini sisi hatukusimama?

Nimelitafakari hili kwa wiki nyingi, na jibu linanirudisha kwangu mwenyewe. Phoenix ni mji wa waliotoka kwingine. Jirani yangu wa kushoto ni wa Chicago, wa kulia ni wa Sonora, na ng'ambo ya njia kuna familia ya Bukavu. Kila mmoja alifika na mapenzi yake tayari. Mimi nilifika na Bandari na Liverpool. Nilikaa misimu miwili nikiiita ile timu "timu yao". Siku niliyosema "timu yetu" kwa mara ya kwanza siikumbuki, lakini najua ilikuwa baada ya mwanangu kuzaliwa pale. Kuupenda uwanja wa mji kunahitaji kwanza ukubali kwamba mji ni wako, na hilo halifanyiki kwa kampeni ya tiketi za bei nafuu. Linachukua umri wa mtoto.

Halafu kuna Winnipeg, ambako nilidhani jibu limelala. Mji ule ulilia timu yake ilipoondoka mwaka 1996. Mwaka 2011 ukapata nyingine, iliyotoka Atlanta. Tiketi 13,000 za msimu mzima ziliuzwa upesi, na zile zilizoachwa kwa umma ziliisha kwa dakika kumi na saba. Kama kuna mahali hoki ni damu, ni pale. Lakini kufika mwaka 2023 idadi ya wenye tiketi za msimu ilikuwa imeshuka hadi karibu 9,500, na wamiliki wakasema hadharani kwamba haiwezi kuendelea hivyo.

Nina rafiki wa Uvira anayeishi Winnipeg, mmoja wa Wakongomani wengi waliopata makazi kule. Nilimpigia. Anaipenda timu, watoto wake hawazungumzi kingine. Nikamuuliza ameingia uwanjani mara ngapi. Akanyamaza kidogo.

"Mara moja, ndugu yangu. Tulipewa tiketi na kanisa."

Mapenzi yapo. Mauzo ni kitu kingine. Na Quebec City walijenga uwanja mpya kabisa, ukafunguliwa mwaka 2015, ili timu irudi. Bado wanaingoja.

Kwa hiyo sina kanuni. Ukubwa wa mji si kanuni, maana Salt Lake City ya jimbo la Utah, iliyotuchukulia timu, ni ndogo kuliko sisi mara kadhaa. Uwanja mpya peke yake si kanuni. Baridi si kanuni. Hata mapenzi si kanuni. Ninachokiona kila mahali palipofaulu ni mtu mwenye pesa aliyekaa chini akasema sitoki hapa, na watu wakamwamini kwa sababu walimwona kesho yake, na keshokutwa, na mwaka uliofuata.

## Bahasha

Sasa niseme lile lililonifanya niandike.

Mwaka 2023 nilikuwa raia na nilikuwa nimehamia Tempe. Timu ilikuwa inacheza katika ule ukumbi wa wanafunzi, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka mlangoni kwangu. Mmiliki wa wakati huo, Alex Meruelo, alikuwa ameleta mpango wa dola bilioni 2.1: uwanja wa viti 16,000, hoteli, maduka, na nyumba za kupanga karibu elfu mbili, kwenye ekari 46 za dampo la zamani, kando ya mkondo wa Mto Salt, chini kabisa ya njia ya ndege za uwanja wa Sky Harbor. Upande wa mashariki, hatimaye. Treni karibu. Meza mahali wateja wanapopita.

Baraza la Tempe lilikubali, likatupelekea wananchi tuamue. Maswali matatu katika karatasi moja, kura ya posta, mwisho Mei 16.

Waliounga mkono walisema pesa ni za watu binafsi, na dampo litasafishwa kwa kodi itakayotokana na maduka yenyewe. Waliopinga walisema msamaha wa kodi wa miaka thelathini nao ni malipo, tena yetu. Uwanja wa ndege ulilalamika kuhusu nyumba chini ya njia ya ndege, na jiji la Phoenix likaenda mahakamani. Nilisoma kijitabu cha kura mara mbili, nimekaa jikoni, watoto wamelala.

Nilikumbuka Glendale. Nilikumbuka milioni hamsini za misimu miwili, na kura nne kwa tatu, na ule mwezi wa Juni 2015 baraza lilipofuta mkataba na sisi wa vibandani tukasikia kwenye redio. Nilikumbuka habari za mwaka 2021, jiji lilipodai kodi ambayo timu ilikuwa haijailipa. Kodi ya nyumba yangu ilikuwa imepanda mara mbili ndani ya miaka mitatu. Nikajiuliza: mtu huyu nitamwamini kwa lipi?

Nikaweka alama ya hapana. Mara tatu.

Nikatia sahihi bahasha, nikaipeleka sandukuni asubuhi nikielekea kazini, na sikumwambia mtu. Karibu asilimia 56 ya wapiga kura walisema kama mimi. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kile cha siku 31 mfululizo juu ya nyuzi 43, na mjini hakuna aliyekuwa na nguvu za kuzungumzia barafu.

Hesabu zangu ninaweza kuzitetea hata leo, mbele ya yeyote. Kinachonisumbua ni kwamba nilipewa swali la ardhi na kodi nikalijibu vizuri, lakini mle ndani ya bahasha kulikuwa na swali la mzee wa kofia iliyopauka pia. Oktoba mtakuwepo? Na safari hii aliyetakiwa kujibu nilikuwa mimi.

## Kando ya ukumbi

Aprili 17, 2024 sikuwa na tiketi. Baada ya kazi nilitembea hadi ukumbini, nikasimama nje na watu wengine wasio na tiketi, wengine na watoto mabegani. Habari zilikuwa zimevuja wiki moja kabla. Ndani walikuwa wanacheza na Edmonton. Kila honi ya bao ilipotoboa ukuta tulipiga makelele. Zilikuwa honi tano, tulishinda 5-2. Kisha watu hawakutoka. Tulingoja nje, wao wakangoja ndani, na muda ukapita bila mlango kufunguka.

Kesho yake ligi iliidhinisha timu kwenda kwa Ryan Smith wa Salt Lake City kwa dola bilioni 1.2. Meruelo aliachiwa miaka mitano ya kujenga uwanja na kuirudisha timu. Alikuwa na mnada wa serikali wa ekari zipatazo 110 kaskazini mwa Phoenix akiutegemea. Mwezi wa Juni mnada ukafutwa, na siku chache baadaye akaachia haki yake yote.

Lakini pale nje mimi nilikuwa nikimfikiria kijana mmoja. Shane Doan alikuwa nahodha wa timu hii kwa zaidi ya muongo. Alikuja nayo kutoka Winnipeg akiwa kijana mdogo, akastaafu akiwa nayo. Mwanawe Josh alizaliwa Scottsdale mwaka 2002, akateuliwa na timu ya baba yake, akachezea Arizona State katika ukumbi huohuo. Machi 26, 2024 alicheza mechi yake ya kwanza, akafunga mabao mawili.

Wiki tatu. Mtoto wa timu hii aliyezaliwa humu bondeni, akalelewa humu, akaivaa jezi ya nyumbani, aliivaa wiki tatu.

Auston Matthews alilelewa Scottsdale, akienda kutazama timu hii tangu hajui kusoma. Toronto ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote mwaka 2016. Matthew Knies ni mzaliwa wa Phoenix, naye yuko Toronto. Unapanda mti miaka ishirini na minane, unaambiwa kila mwaka kwamba hauzai, na unapong'olewa matawi yamelemewa na matunda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu aliniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia ndiyo, na ndipo nilipomwambia kuhusu kura.

"Mimi pia nilisema hapana," akanijibu. Akaenda kuwasha jiko.

## Jezi

Niliporudi kutoka Mombasa niliiweka jezi juu ya meza ya sebuleni, na mtoto wa ile familia ya Bukavu akaikuta alipokuja kucheza na wangu. Ana miaka kumi na mmoja. Alikuwa na sita watu wa timu walipokuja shuleni kwao na magongo ya plastiki, wakawafundisha watoto kucheza kwenye saruji. Hajaliacha gongo tangu siku ile. Vifaa vyake vyote vimetumika na mtu mwingine kabla yake, viatu vya barafu vimebadilishwa mara nne, na mama yake ana daftari la madeni ya hoki peke yake.

Aliigeuza jezi, akasoma jina lililo kwenye ukosi.

"Huyu sasa amekuwa mkubwa, anko," akasema.

Nikamuuliza kama anatazama mechi za Utah. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anadhani timu itarudi Phoenix. Akaniuliza kama nadhani itarudi. Nilikaribia kusema "Nadhani", neno likanikwama.

Jezi haimtoshi, wala wangu haimtoshi tena. Iko juu ya kabati, imekunjwa.

Kikosi chake hufanya mazoezi Scottsdale, kwenye barafu ambayo timu kubwa ilikuwa ikifanyia mazoezi yake. Saa za mchana ni ghali, kwa hiyo wazazi wamechukua alfajiri, wakapangiana zamu za magari. Jumamosi hii zamu ni yangu. Barafu yao inaanza saa kumi na moja na robo.